Sumaku, Saratani na Amana ya Tumaini

Husemwa na wengi: "Mgonjwa wa saratani akiuziwa bangili ya sumaku akaivaa, ana hasara gani? Haimdhuru, na angalau moyo wake hutulia." Maneno haya yana sura ya huruma, lakini yafaa yapimwe kwa mizani ya akili kabla ya kukubaliwa.

Kwanza, habari ya sumaku na saratani si uwongo mtupu. Mwaka 1957 tabibu Gilchrist na wenzake wa Chicago walieleza jinsi chembe za madini zilizotiwa mwilini ziwezavyo kupashwa moto kwa nguvu za sumaku zinazogeuka-geuka, ili moto uunguze palipo na maradhi na pengine pasalimike. Baadaye Wajerumani waliiendeleza njia hiyo, na mwaka 2010 ikaruhusiwa Ulaya kwa uvimbe wa ubongo. Nguvu zake ni kali hata mgonjwa hulazimika kwanza kuondolewa madini yaliyozibia meno yake. Tazama basi umbali uliopo baina ya mtambo ule na bangili ya dukani!

Na hata mtambo ule haukusalimika na maswali. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 59 ambao uvimbe wa ubongo uliwarejea walitiwa chembe hizo, wakapewa na mionzi pia, wala hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nao. Je, walioishi zaidi waliishi kwa sumaku, au kwa mionzi, au kwa sababu nyingine? Kuuliza hivi si ukaidi, ni insafu.

Pili, hisia ya mgonjwa si ushahidi. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, aliwaamrisha wataalamu, miongoni mwao Franklin na Lavoisier, walichunguze dai la Mesmer la kuponya watu kwa nguvu aliyoiita sumaku ya viumbe. Mwanafunzi wa Mesmer aliutia mti mmoja nguvu hiyo, kama alivyodai. Kijana wa miaka 12 akafungwa macho, akapitishwa penye miti mingine. Akazimia chini ya mti usiotiwa kitu! Wataalamu wakahukumu kuwa kilichofanya kazi ni mawazo ya mtu mwenyewe.

Sasa turudi kwenye swali letu. Hasara ipo, na kubwa yake ni wakati. Uvimbe ulio mdogo leo waweza kukatwa; mgonjwa akitulizwa moyo kwa bangili miezi sita, huenda kisu kisifae tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa maradhi haya huenda hata huo ukuta usijengeke.

Ama mwenye kusema kuwa twamnyang'anya mgonjwa tumaini, na ajue kuwa tumaini ni amana. Mwenye kumwambia mgonjwa, "Hili limethibiti, hili lingali linachunguzwa, na hili halina dalili," amemwachia akili yake na hiari yake. Mwenye kumficha amemtawala katika jambo la uhai wake mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ukijiwa na jamaa aliyepatwa na maradhi haya, mpeleke kwa tabibu upesi, kaa naye, msaidie apate dawa ya maumivu. Na akikuuliza juu ya sumaku, mwambie kweli kwa upole. Huruma isiyokuwa na ukweli humtuliza yule anayeitoa, na mgonjwa ndiye anayeilipa.