Kionjo cha Filamu ya Kutisha: Kaida na Uaminifu

Mwanafunzi anayeunda kionjo cha filamu ya kutisha huzikuta kaida za utanzu zikimngoja: nyumba iliyohamwa, kimya kirefu, kisha ukemi. Je, kaida hizo humpa pia idhini ya kudanganya? Katika kionjo cha Psycho (1960), Alfred Hitchcock anaitembeza hadhira mahali pa mauaji mithili ya dalali mchangamfu. Mwishoni anavuta pazia la bafuni na mwanamke anapiga ukemi. Huyo ni Vera Miles, ilhali anayeuawa bafuni filamuni ni Janet Leigh. Hila hii haimdhulumu mtazamaji: amekwisha kukubali kuchezewa, na siri anayofichwa ndiyo raha aliyoilipia.

The Blair Witch Project (1999) ni kisa kingine. Hadithi ya wanafunzi watatu wa filamu waliopotelea msituni Maryland ilitangazwa kana kwamba ni tukio la kweli, na waigizaji walio hai wakasemwa wametoweka. Hapo kaida ya mkanda uliookotwa imetoka nje ya sanaa. Mtazamaji anasikitika pasipo kujua kwamba ni mchezo. Ubunifu wake (na faida yake!) haukanushiki. Hata hivyo, mwanafunzi anayeiga mbinu hiyo kwa sura za wenzake wa darasani atadaiwa maelezo na wazazi wao kabla ya wahakiki.