Wakristo wa Mazun na Amana ya Khabari

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, aliyeijaalia kweli kuwa amana na ushahidi kuwa dhima shingoni mwa mwenye kuutoa. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Watoto wa familia zilizorejea Oman kutoka Unguja, Pemba na bara ya Afrika, wakakaa Ibra, Sur, Nizwa na vijiji vya kandokando, hujifunza mapema kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapelekea waraka Jayfar na Abd, wana wa Al-Julanda, kwa mkono wa Amr bin Al-As, na kwamba wafalme hao wawili walisilimu bila ya vita. Wakishakuwa wakubwa hukutana kazini na majirani Wakristo, na hapo huzuka suali: Je, Oman ilikuwa na Wakristo kabla ya Uislamu? Na kama walikuwapo, walikwenda wapi?

Majibu mawili hutolewa kwa haraka. Mmoja husema hawakuwapo kabisa. Mwengine husema walikuwapo na wakamalizwa kwa upanga. Wote wawili hujibu kabla ya kushika mizani.

KANUNI YA KUPOKEA KHABARI

Mwenyezi Mungu Mtukufu katika Sura ya Al-Hujurat amewaamrisha waumini wachunguze khabari wanapoletewa na mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakabaki na majuto. Na katika Sura ya Al-Maida amewakataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki walizo nazo juu ya watu wengine. Amri hizi mbili hufuatana: mwenye kuchunguza bila ya uadilifu huchunguza maneno ya adui peke yake, na maneno ya rafiki huyameza mazima.

Wanavyuoni wa Kiibadhi walilitilia mkazo jambo hili. Kwao khabari ya ahadi, yaani iliyopokewa kwa njia chache zisizofikia tawatur, yaweza kufuatwa katika matendo lakini haijengewi itikadi, kwa kuwa huleta dhana yenye nguvu na haileti yakini. Ikiwa hadithi ya ahadi, pamoja na isnadi yake, hupewa daraja yake na haivushwi, basi khabari ya mwanahistoria isiyokuwa na isnadi yastahiki hadhari zaidi. Hadhari hiyo haina maana ya kuitupa. Maana yake ni kumuuliza msimulizi: Wewe ni nani? Uliyaona au ulisikia? Unasema na nani, nawe unataka nini kwake?

MASHAHIDI WENYEWE

Shahidi wa kwanza ni Philostorgius, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 5. Anasimulia kwamba katika karne ya 4 mfalme Constantius alimtuma mjumbe aitwaye Theophilus kwenda Himyar, na kwamba makanisa matatu yalijengwa: la Dhafari ya Yemen, la Aden, na la tatu katika soko la Waajemi kwenye mdomo wa bahari yao. Wako wanaosema soko hilo ni Suhar, na wako wanaosema ni Hormuz. Yeye hakutaja jina. Tena kitabu chake hakikufika kizima. Kilichofika kwa sehemu kubwa ni muhtasari wa Photius, askofu mkuu wa Konstantinopoli wa karne ya 9, ambaye aliichukia madhehebu ya Philostorgius. Kwa hivyo msomaji anasikia maneno ya mtu aliyewasifu wa upande wake kwa kinywa cha mtu aliyempinga. Khabari ya aina hii haitoshi kuwaambia watu wa Suhar kuwa kanisa lilikuwa mjini kwao.

Shahidi wa pili ni madaftari ya mabaraza ya Kanisa la Mashariki, yaliyoandikwa kwa Kisiryani. Humo anatajwa askofu wa Mazun, na Mazun ni jina la zamani la Oman. Yohannan anatajwa mwaka 424, Dawud mwaka 544, Samuel mwaka 576, na Stefano mwaka 676. Ushahidi huu una nguvu kwa sababu hausimulii kisa wala haumsifu mtu. Ni majina ya waliohudhuria na kutia saini, na mwandishi wa daftari hakuwa na faida ya kubuni askofu wa nchi ya mbali. Anayesema kwamba Oman haikuwa na Wakristo kabisa anajibiwa na madaftari haya. Lakini nayo yana mpaka wake: hayasemi askofu alikaa mji gani, wala waumini wake walikuwa wangapi. Hakuna ndani yake neno moja juu ya Nizwa, Ibra wala Sur.

Shahidi wa tatu ndiye mwenye mazungumzo makubwa. Ni Ishoyahb wa Tatu, aliyekuwa mkuu wa Kanisa hilo tangu mwaka 649 mpaka 659, katika zama za Khalifa Uthman na Khalifa Ali. Barua zake zimebaki. Katika moja wapo analia juu ya watu wa Mazun kwamba wameiacha dini yao, na anasema wazi kuwa hawakulazimishwa kwa upanga wala kwa moto, bali walitaka kuokoa nusu ya mali zao. Hapo hapo anakiri kwamba Waarabu, waliopewa utawala na Mwenyezi Mungu, hawaupigi vita Ukristo, na kwamba huwaheshimu makasisi na kuyasaidia makanisa.

KUIPIMA BARUA

Barua hii hupendwa na pande mbili, na kila upande hukata kipande chake. Muislamu hushika maneno ya kutolazimishwa na kuyaficha ya mali. Mwenye kuusema vibaya Uislamu hushika ya mali na kuyaficha ya kutolazimishwa. Mwadilifu huisoma yote, kisha hutazama imeandikiwa nani.

Aliyeandikiwa ni Simeon, mkuu wa maaskofu wa Fars huko Uajemi, aliyekuwa hataki kuitii amri ya Ishoyahb. Barua ni ya lawama: inataka kumwonesha Simeon kuwa uasi na uzembe wake umelipoteza kundi. Mwenye kulaumu huikuza hasara. Na daftari la mwaka 676, baada ya kufa Ishoyahb, linamtaja Stefano askofu wa Mazun katika baraza lililofanyika Dayrin, upande wa Bahrain ya zamani. Askofu hutajwa alipo na watu. Basi ama Wakristo wa Mazun hawakuondoka wote, ama walibaki wachache waliohitaji mchungaji. Kwa vyovyote, maneno ya Ishoyahb kuwa wote wamepotea hayachukuliwi kwa udhahiri wake.

Ama ile nusu ya mali, fiqhi ya Kiislamu haijui jizya ya nusu ya mali ya mtu. Lakini Al-Baladhuri anataja mapatano ya Bahrain ambamo wenyeji waligawana tende na Waislamu, na yumkini maneno ya askofu yana mwangwi wa mapatano ya namna hiyo. Hili ni la kudhania, wala halifai kuapiwa.

Jengo nalo hushuhudia. Katika kisiwa cha Sir Bani Yas, Imarati, magofu ya nyumba ya watawa yaligunduliwa mwaka 1992. Mwanzo yalidhaniwa kuwa ya kabla ya Uislamu; vyungu vyake vilipochunguzwa upya ilionekana kuwa ni ya karne ya 7 na ya 8. Wakristo hao walikuwa wakijenga na kuabudu chini ya utawala wa Waislamu. Udongo haukuwa na madhehebu ya kuyatetea, na juu ya hivyo wataalamu walilazimika kurudia hukumu yao. Mwanachuoni wa vitabu asione aibu kurudia yake.

MFANO WA DIBA

Watu wa Oman wanaujua uchungu wa kusimuliwa na wengine. At-Tabari, kwa mapokezi ya Sayf bin Umar, anaeleza kuwa baada ya kufa Mtume (s.a.w.) watu wa Oman waliritadi wakapigwa Diba. Wanavyuoni wa Oman wanakhalifu. Wao wanasimulia kwamba ulikuwa mzozo juu ya mbuzi wa zaka wa mwanamke mmoja, aliwaita jamaa zake, mkusanyaji akaudhania mwito huo kuwa ni kurudi katika ujahili, na mateka waliopelekwa Madina waliachiwa huru na Khalifa Umar (r.a.). Waomani hutoa hoja kwamba Sayf ni dhaifu kwa wataalamu wa hadithi wenyewe, na hoja hiyo ni ya kweli.

Basi na ageuze uso na ajitazame. Anayedai haki ya kutohukumiwa kwa riwaya ya Sayf, vipi ataihukumu kaumu nyengine kwa riwaya dhaifu kuliko hiyo? Anayesema kuwa riwaya ya Waomani juu ya Diba isikizwe kwa kuwa wao ndio wenye kisa, vipi atakataa kuzisikiza barua za Wakristo juu ya Wakristo? Na akumbuke pia kwamba riwaya ya wenyewe ina upendeleo wake, iwe ya Diba au ya Mazun. Mizani ni moja. Mwenye mizani mbili, ya kununulia na ya kuuzia, ametajwa katika Sura ya Al-Mutaffifin kwa maangamizi, na maneno ya watu hupunjwa kama inavyopunjwa nafaka.

Mzazi aulizwapo na mwanawe, na ajibu hivi: Wakristo walikuwapo Mazun, nayo madaftari yao yanathibitisha. Wengi wao walisilimu, na mkuu wao mwenyewe alikiri kuwa hawakulazimishwa kwa upanga. Inawezekana baadhi yao walisilimu kwa ajili ya mali, na siri ya nyoyo anaijua Mwenyezi Mungu. Waliobaki walikuwa na askofu mpaka mwaka 676, na baada ya hapo jina la Mazun halionekani katika madaftari hayo. Jibu hili halimpi mtoto ushindi juu ya jirani yake. Linampa neno ambalo jirani akilichunguza ataliona ni la kweli, na kesho atamsadiki pia atakapomweleza Uislamu wenyewe.

Mwenyezi Mungu awajaalie wenye kusoma kuwa mashahidi waadilifu, hata juu ya nafsi zao, na awaepushe na ulimi unaotangulia elimu. Amin.