Uso Uliovunjika na Mpaka wa Tiba

Sakafu ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba kama karatasi. Ngumi moja, au kuanguka kutoka kwenye bodaboda pale Nateete, Barabara ya Masaka jijini Kampala, kwaweza kuupasua. Mafuta na misuli ya jicho hushuka kwenye uwazi wa hewa ulio chini yake, jicho likadidimia, na majeruhi akaanza kuona vitu viwili viwili. Kwa mtoto, mfupa hupinda, ukarudi na kuubana msuli. Hapo uvimbe haungojwi upungue, mtoto hupasuliwa upesi kabla msuli haujafa.

Hadi hapo hakuna mwenye dini anayebisha. Mjadala huja pale mtu anapoona vizuri, ila jicho limezama. Je, kumpasua ni tiba au ni kubadili maumbile ya Mungu? Waislamu wanaopinga hutaja Surat an-Nisaa, aya ya 119. Lakini Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea habari za Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua katika vita vya Kulab. Aliweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya. Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu, japo dhahabu ni haramu kwa wanaume. Pua ile haikumwokoa na kifo, ilimrudishia uso. Wakristo nao wana sikio la mtumwa wa kuhani mkuu, lililokatwa kwa upanga kisha Yesu akaliponya, katika Luka 22.

Kuna swali dogo zaidi: kuficha kovu si kujipamba? Daktari aweza kukata ngozi chini ya kope, njia inayoweza kuacha alama au kuivuta kope chini. Au aivute kope na kupitia utando wake wa ndani, pasionekane kitu nje. Mfupa wa shavu hufikiwa pia kupitia ufizi wa juu, na mivunjiko mikubwa kupitia kichwani, ndani ya nywele. Kovu la kisu halikuletwa na ajali. Ni deni la daktari, na kulipunguza ni wajibu wake.

Pengo la sakafu ya jicho hufunikwa kwa wavu wa titani au mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Vipo pia vipandikizi vya ngozi ya nguruwe, kwa hiyo Mwislamu na aulize mapema.

Kipimo cha kazi nzima ni jicho la upande wa pili, lile lisiloumia: daktari hulinganisha nalo, na hukumu ya dini huishia papo hapo. Kuinua shavu lisiloumia ili lipendeze ni suala jingine, na kisa cha Arfaja hakilihalalishi.