Kuulizwa Si Kusikizwa

Mwaka 1962 Waingereza walituma tume huku kwetu, katika ile NFD ambayo wazee bado wanaitaja. Swali lilikuwa: mnataka kubaki Kenya au kujiunga na Somalia? Watu wakaja, wakasema. Tume ikaandika kwamba karibu Wasomali wote walitaka Somalia. Machi 1963 Uingereza ikatangaza kuwa tutakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Kwisha. Watu wakasusia uchaguzi wa Mei, vita vya shifta vikaja, na hali ya hatari iliyotangazwa Desemba ile haikuondolewa hadi 1991.

Sisemi jibu lao lingefuatwa tu. Mimi ni Mkenya, sitaki kuwa kitu kingine. Ninachouliza ni hiki: ukimuuliza mtu, kisha jibu lake ukaliweka kando bila kumpa sababu, umemheshimu au umemtukana?

Huwa nawaza hayo kwenye vikao vya kushirikisha umma. Katiba ya 2010 imevifanya kuwa haki yetu. Kifungu cha 196 kinalibana hata bunge la kaunti. Lakini nilichokiona ni hiki: unatia sahihi, unapewa maji, afisa anasoma bajeti kwa Kiingereza, mtu anatafsiri nusu, mnaenda nyumbani. Zile sahihi ndizo ushahidi kwamba tuliulizwa.

Ndiyo maana wengi hapa Garissa watakwambia afadhali shir, kikao cha wazee. Pale watu hukaa hata siku kadhaa mpaka waelewane, na neno likishatoka linawafunga. Tangu 2013 baadhi ya koo za eneo hili zimegawana viti namna hiyo kabla ya kura. Siwacheki, makubaliano yanaweza kuzuia damu. Ila wanawake na vijana, aghalabu, huletewa uamuzi ukiwa umeshaiva.

Basi serikali inauliza wote lakini haifungwi na jibu. Wazee wanafungwa na jibu lakini hawaulizi wote. Kila upande una nusu ya demokrasia.

Kwani nusu mbili haziwezi kukutana? Wajir, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wanawake walianza sokoni kutafuta amani, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao. Waliwafuata wazee, na 1993 wazee wakakubali Azimio la Al-Fatah. Mwaka 2017, Ijara, Sophia Abdi Noor akawa mwanamke wa kwanza kutoka Kaskazini Mashariki kuchaguliwa mbunge wa eneo bunge. Mila haikuvunjika. Ilisogea, ikampa mtu nafasi.

Kwa kaunti nina ombi moja, wala si kubwa. Baada ya kikao, rudini. Mtuambie kwa lugha yetu: mlisema hivi, hili tumelichukua, hili tumelikataa, na sababu ni hii. Kukataliwa naweza kuvumilia. Bibi zetu walioulizwa 1962 hawakurudiwa na mtu, ila askari.