Haki ya Mwenye Njaa na Mkono Unaopakua

Kujitolea katika jiko la nyumba inayowahifadhi watu wasio na makazi ni tendo ambalo karibu kila dini hulisifu, na pengine sifa hizo ndizo zinazofanya ugumu wake wa kimaadili usionekane upesi. Mtu anayetoa muda wake bila ujira, akamenya viazi, akasugua masufuria na kuwapakulia wageni chakula, huhesabiwa kuwa ametenda wema, na akiwa muumini hutarajia thawabu, yaani malipo ambayo Mungu amewaahidi watendao mema. Hapo ndipo swali linapozaliwa: ikiwa thawabu ya mpakuaji inategemea kuwapo kwa mwenye njaa, je, mwenye njaa huyo ni mtu anayehudumiwa, au ni ngazi ambayo mwingine huikanyaga ili apande peponi? Swali hili halikusudiwi kuwavunja moyo wanaojitolea. Linaulizwa kwa ajili ya wale wanaokula, kwa maana wao ndio wanaojua, kuliko mwanafalsafa yeyote, ladha ya chakula kinachotolewa na mtu anayejitazama mwenyewe wakati wa kukitoa.

Maandiko yenyewe hayakulifumbia macho jambo hili. Kurani, katika sura ya Al-Insan, huwasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka kwao malipo wala shukrani, na katika sura ya Al-Baqara huonya kwamba sadaka hubatilika ikifuatiwa na masimbulizi, yaani ile tabia ya kumkumbusha mtu wema aliotendewa mpaka aone heri angelala na njaa. Injili ya Mathayo, katika sura ya 25, hufundisha kwamba aliyemlisha mwenye njaa alimlisha Kristo mwenyewe, na jambo la kustaajabisha katika simulizi hiyo, ambalo mara nyingi hupitwa haraka mimbarani, ni kwamba wenye haki hawakujua walichokuwa wakikifanya, ndiyo maana wanauliza ni lini walimwona Bwana akiwa na njaa. Kutojua huko ndiko kulikowaepusha na hatari ya kumtazama maskini huku wakitafuta mtu mwingine nyuma yake. Walimwona mwenye njaa, wakampa chakula, basi.

Hata hivyo, nia safi haitoshi kulimaliza swali, kwa kuwa bado haijaulizwa chakula kile ni cha nani. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia katika karne ya 4, aliwaambia matajiri wa mji wake kwamba mkate waliouficha ghalani ulikuwa mali ya wenye njaa. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliijenga hoja hiyo juu ya sheria ya maumbile, yaani sheria ambayo akili ya binadamu huitambua hata kama hakuna mtawala aliyeiandika: ziada ya mwenye nacho ni stahili ya maskini, na mtu aliyefikwa na dhiki ya kufisha hatendi wizi akichukua cha mwingine ili aokoe uhai wake. Kurani nayo, katika sura ya Adh-Dhariyat, husema kwamba ndani ya mali za wachamungu imo haki ya aombaye na ya aliyenyimwa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, alifika karibu na hapo kwa njia ya akili peke yake, kwani alitambua kuwa hisani humdhili anayeipokea, akamtaka mtoaji atende kana kwamba anampa mwenzake kile tu anachostahili. Tofauti iliyopo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: Kant anamtaka mtoaji achukue adabu ya mdaiwa, ilhali kwa Basili mtoaji ni mdaiwa kweli.

Kama chakula ni deni, jiko lote hubadilika, na mfano ulio wazi wa badiliko hilo ni nyumba za ukarimu za Catholic Worker huko Marekani. Vuguvugu hilo la Wakatoliki walei lilianzishwa jijini New York na Dorothy Day, mwandishi wa habari aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1927, pamoja na Peter Maurin, mhamiaji kutoka Ufaransa. Gazeti lao lilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 1 Mei 1933, kwa bei ya senti moja, wakati takriban robo ya nguvukazi ya Marekani ilikuwa haina ajira. Na kwa kuwa gazeti lilihubiri ukarimu, watu walikuja kuutafuta ukarimu huo mlangoni. Waendeshaji wa nyumba hizo za ukarimu walikataa ruzuku za serikali, hawakujiandikisha kama shirika la hisani, hawakulipana mishahara, na wengi wao waliishi humo humo pamoja na wageni, wakila kilichopikwa kwa ajili ya wote. Mwaka 1960, baada ya jiji kulitwaa jengo lao la mtaa wa Chrystie na kuwalipa fidia ya dola 68,700, Day aliirudishia serikali ya jiji dola 3,579.39 zilizoongezwa kama riba, kwa hoja kwamba mafundisho ya kale ya Kanisa yaliikataza riba na kwamba fedha haipaswi kuzaa fedha. Kwa hesabu ya kawaida, fedha hizo zingenunua viazi na mkate mwingi sana. Uamuzi wake ulikuwa sahihi, kwa sababu jiko linalolipa deni la mfumo dhalimu haliwezi kuchota faida kutoka katika mfumo huo huo na kubaki na uso wa kuwatazama wageni wake.

Lakini haki hiyo haikamiliki katika vitabu vya hesabu. Hukamilika kwenye upawa. Katika sufuria kubwa la supu, maharagwe na vipande vya nyama huzama chini na mchuzi mwepesi hubaki juu, hivyo mpakuaji asiyekoroga huwapa wa mwanzo maji na wa mwisho shibe, na anayechagua kina cha kuchotea kwa kufuata sura ya aliye mbele yake amekwisha kuwa hakimu bila mtu kumteua. Kukoroga kabla ya kila mchoto ni kazi ya kuchosha mkono, wala hakuna anayeisifu, ila ndiyo inayomfanya mtu wa mwisho katika foleni apate sawa na wa kwanza, na katika jambo dogo kama hilo heshima kwa binadamu hujulikana kuliko katika tabasamu la mpakuaji.

Usawa wa sahani, hata hivyo, bado huacha meza katikati, upande mmoja wakiwa wanaotoa siku zote na upande wa pili wanaopokea siku zote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ingawa methali hiyo hutumiwa kuwafukuza wavivu, ndani yake imo heshima kubwa, kwa kuwa anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mwenyeji. Katika nyumba za Catholic Worker wengi waliokuja kutafuta supu walibaki wakawa wapishi. Masingasinga nao wana langar, yaani jiko la hekaluni ambamo watu wa kila dini na hadhi huketi pamoja na kula chakula kile kile, na seva, yaani utumishi wa mikono usio na ujira, ambao tajiri na fukara huufanya bega kwa bega. Wasafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa wanaufahamu ukarimu huo kupitia hekalu la Makindu, lililojengwa mwaka 1926.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba jiko la kujitolea huipunguzia serikali aibu ya kuwaacha raia wake barabarani, na pingamizi hilo lina ukweli, ila linasahau kwamba deni la chakula cha leo haliwezi kulipwa kwa sera ya mwaka ujao. Pingamizi gumu zaidi hutoka jikoni kwenyewe, kwa mgeni anayekuja amelewa, akamtukana mpishi na kuitupa sahani. Kama chakula kingekuwa hisani, utovu wa shukrani ungekuwa sababu ya kutosha ya kumnyima kesho yake. Kwa kuwa ni haki, sababu hiyo haipo, kwani haki ya kula haipotei kwa ukosefu wa adabu. Mpishi naye ana haki ya kutopigwa, na wageni wengine wana haki ya kula kwa amani. Nyumba inaweza kumzuia mtu huyo asiingie ukumbini bila kumdhulumu, ili mradi chakula chake, kilichochotwa kutoka katika sufuria lile lile na kwa kipimo kile kile, kimfuate huko nje.