Je, Baraza la Haki Laweza Kusimama Juu ya Ardhi ya Dhuluma?

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: watu wakiendesha mambo yao kwa haki leo, je, haki hiyo inafuta dhuluma iliyowapatia mahali pa kuyaendeshea? Nitalijadili kwa kutazama serikali iliyo ndogo kuliko zote katika mashamba ya Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota. Wenyewe huiita taunishipu. Hapa nitaiita kata.

Kata hii ilizaliwa kwenye karatasi kabla ya kuzaliwa ardhini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1785 iliwaagiza wapima ardhi waikate nchi ya magharibi katika miraba ya maili sita kwa sita. Kila mraba uligawanywa katika vipande 36, kila kipande ekari 640, na kipande cha 16 kikatengwa kwa ajili ya shule. Minnesota, iliyopata kuwa jimbo mwaka 1858, ilitengewa na kipande cha 36 pia. Mistari hiyo ilinyooshwa bila kujali mto, kilima wala kaburi. Hata leo barabara nyingi za vijijini huko huifuata, na mtu akiwa angani huona mashamba yamepangika kama daftari la hesabu.

Sasa tuitazame serikali yenyewe. Kila mwaka, Jumanne ya pili ya mwezi wa Machi, wakazi wa kata wenye haki ya kupiga kura hukutana. Hawamtumi mtu akawaamulie kodi ya kata. Huiamua wenyewe mle ukumbini, kwa kura. Wasimamizi, ambao kwa kawaida ni watatu, hutekeleza yaliyokubaliwa. Mambo yanayojadiliwa si makubwa: changarawe ya barabara, kalvati lililoziba, theluji, huduma ya zimamoto. Lakini mkulima anaweza kusimama akauliza kwa nini greda halifiki kwake, na anayepaswa kumjibu ni jirani yake. Mfaransa Tocqueville, aliyezuru Marekani mwaka 1831, alizisifu serikali za namna hii alizozikuta New England, akazifananisha na shule ya msingi ya uhuru. Nakubaliana naye. Mtu aliyezoea kuulizwa kabla ya kutozwa si rahisi kumfanya mtumwa.

Tatizo ni kwamba miraba ile haikuchorwa juu ya nchi tupu. Kusini mwa Minnesota ilikuwa nchi ya Wadakota. Mwaka 1851, kwa mikataba ya Traverse des Sioux na Mendota, waliiachia serikali sehemu yao kubwa. Huko Traverse des Sioux wazee wao waliwekewa na karatasi nyingine ya kutia saini, na wengi wao waliamini ni nakala tu ya mkataba. Kumbe iliwapa wafanyabiashara sehemu kubwa ya fedha za Wadakota, kwa madai ya madeni. Mwaka 1862 malipo yalichelewa, njaa ikaingia, vita vikazuka. Tarehe 26 Desemba mwaka huo wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilifuta mikataba na kuamuru watu hao waondolewe Minnesota. Mwaka huohuo wa 1862 ilikuwa imepitishwa sheria ya kuwapa walowezi ekari 160 kila mmoja, yaani robo ya kipande kimoja cha ule mraba.

Wapo watakaosema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii naiheshimu, lakini inahusu jambo lililopita kweli. Shamba lililopatikana kwa njia ile bado linavunwa kila mwaka, na kipande cha shule kilikwisha kusomesha vizazi. Faida inayoendelea haiwezi kuitwa jambo lililopita.

Wengine watasema, na hoja yao ni nzito zaidi, kwamba mkulima wa leo hakumfukuza mtu. Babu yake pengine alikimbia umaskini Ulaya, na shamba amelilipia kwa jasho. Ni kweli, na kwa hiyo simtii hatiani. Ila hatia na deni ni vitu viwili. Hatia huzikwa na aliyetenda; deni hubaki kwenye mali. Anayerithi shamba la baba yake hurithi na madeni ya shamba hilo, ingawa yeye hakukopa hata senti.

Tena lile baraza la Machi ndilo linaloliweka deni hilo wazi. Tukiulizwa uzuri wake uko wapi, tutajibu kwamba halimtozi mtu hata dola moja bila yeye kupewa nafasi ya kusema. Basi kwa kipimo hichohicho, kumwondoa mtu katika nchi yake bila ridhaa ni kosa, na ridhaa iliyopatikana kwa hila si ridhaa. Anayekifahamu kipimo hiki kila mwaka kwa ajili ya changarawe hawezi kusema hakifahamu inapotajwa ardhi yote.

Je, wakulima wafukuzwe? Hapana. Kuwafukuza kungekuwa kuamua juu ya watu bila kuwauliza, yaani kurudia kosa lilelile. Lakini kuna ardhi ambayo bado iko mikononi mwa umma. Mwaka 2023 bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya kuirudishia jumuiya ya Wadakota wa Upper Sioux hifadhi ya jimbo yenye zaidi ya ekari elfu moja, mahali palipokuwa na ofisi ya kugawia chakula na malipo ya mkataba, na penye makaburi yao. Makabidhiano yalifanyika mwaka 2024. Majirani walipoteza mahali pa kupumzikia, na hasara hiyo siidharau. Lakini sijui deni linalolipwa bila mlipaji kupungukiwa na kitu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana: haki ya leo haifuti dhuluma ya jana. Inawapa watu ukumbi na desturi ya kujadiliana, na ndani ya ukumbi huo deni linaweza kuwekwa mezani pamoja na bei ya changarawe. Wakiliacha nje ya mlango mwaka baada ya mwaka, watakuwa wamechagua wenyewe, kwa kura yao.