Jasho la Mfagiaji ni Deni la Nani?

Dawa ya deni ni kulipa. Methali hii hunenwa kila siku sokoni na nyumbani, na hapana mtu mzima asiyeijua. Lakini liko jambo moja ambalo methali hii haisemi, na jambo hilo aghalabu ni gumu kuliko malipo yenyewe: haisemi mdeni ni nani. Mtu akikopa mbuzi kwa jirani yake, mdeni anajulikana kwa jina na kwa sura. Je, serikali ya kaunti inapochelewesha mshahara wa wafanyakazi wake, mdeni ni nani? Na yule asiyelipwa akiweka chini ufagio wake au sindano yake, anamdai mdeni wake, au anamwonea mtu mwingine asiye na hatia? Nataka, ndugu msomaji, tuyapime maswali haya mawili pamoja. Maana majibu yake yanakuhusu wewe hata kabla hujafikia umri wa kupiga kura.

Tuitazame Kaunti ya Nakuru, katika Bonde la Ufa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu 2,162,202. Sehemu kubwa ya kaunti hii ni mashamba, toka Kuresoi na Molo kwenye baridi na viazi, hadi Naivasha kwenye maua. Kati yake umo mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba mwaka 2021. Na upande wa magharibi wa mji huo iko mitaa ya wapangaji, Rhonda na Kaptembwo, ambamo nyumba zimesongamana na jamaa nzima huweza kulala katika chumba kimoja. Kwa Katiba ya mwaka 2010, kazi ya zahanati, ya kuzoa taka, ya masoko, na ya shule za chekechea ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo mtoto wa Rhonda na mtoto wa Kuresoi, wasioonana kamwe, hutegemea mfuko mmoja na wafanyakazi wa mwajiri mmoja.

Sasa tuseme yuko mama mmoja, mkazi wa Rhonda, ambaye ni mfagiaji wa barabara. Huamka kungali giza, akafagia vumbi na maganda ya ndizi tuliyotupa sisi jana. Mwisho wa mwezi unafika, mshahara haufiki. Mwenye nyumba hangoji. Mwenye duka anafungua daftari lake na kuandika: unga, sabuni, mafuta ya taa; ukurasa ukijaa, naye hukunja uso. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, na huko analipa riba kwa fedha ambazo, lau angelipwa haki yake, asingalihitaji kuzikopa.

Yafaa tuliite jambo hili kwa jina lake. Mshahara uliocheleweshwa ni mkopo. Ni mkopo uliotwaliwa bila idhini ya mkopeshaji, bila riba, na bila siku ya kuulipa. Na ajabu yake ni kwamba mkopeshaji ni maskini kuliko mkopaji. Tajiri mwenye benki huombwa kwa barua na kuwekewa dhamana. Mfagiaji hakuombwa wala hakuwekewa chochote. Alijikuta tu amekopesha. Ndiyo sababu dini zetu hazikulifanya jambo hili kuwa dogo. Torati inamwagiza mwajiri amlipe kibarua siku ile ile kabla jua halijatua, na Mtume Muhammad aliwafundisha wafuasi wake kwamba ujira haungoji jasho likauke. Walimu hao wa kale walijua kwamba kwa mtu asiye na akiba, kuchelewa ni sawa na kunyimwa.

Basi mdeni ni nani? Ukimwuliza karani wa kaunti, atakujibu kwamba fedha hazijatoka Nairobi. Ukiwauliza wa Nairobi, watakujibu kwamba kodi haijaingia ya kutosha, au kwamba hati za kaunti hazijakamilika. Na kweli njia ya shilingi ni ndefu. Bunge na Seneti hugawa mapato ya taifa. Hazina ya Taifa hutoa. Mdhibiti wa Bajeti hupitisha. Ndipo fedha huingia katika mfuko wa kaunti, zikachanganyika na ada za masoko na za leseni zilizokusanywa nyumbani. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 219, inataka fungu la kaunti lipelekwe bila kukawia na bila kukatwa. Hata hivyo magavana wamelalamika mara nyingi kwamba fungu hilo hukawia. Wako hata watumishi ambao malipo yao yamegawanywa kati ya mifuko miwili: wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaotembea nyumba hadi nyumba, walipangiwa mwaka 2023 shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. Deni likiwa na milango miwili, ni rahisi kila bawabu kumwelekeza mdai kwenye mlango wa mwenzake.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yameanza juzi. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, Kenya ilikuwa na mabaraza ya kaunti, na miongoni mwa waliotegemea mabaraza hayo kwa mishahara walikuwa walimu wa shule za msingi. Mengi ya mabaraza hayo yalikuwa na mifuko mitupu. Walimu wakafundisha na wasilipwe kwa wakati. Mwaka 1966 walimu waligoma, wakidai wawe na mwajiri mmoja nchini kote, na mwaka uliofuata ikaundwa Tume ya Kuwaajiri Walimu. Kuanzia mwaka 1970 mabaraza ya kaunti yalinyang'anywa elimu ya msingi, afya na barabara, vikarudishwa mikononi mwa serikali kuu. Sababu za siasa zilikuwamo pia, sikatai. Lakini baraza lisiloweza kumlipa mwalimu wake halikuwa na sauti ya kujitetea. Wananchi walipoteza mamlaka ya kujiamulia mambo yao, na miaka zaidi ya 40 ilipita kabla mamlaka hayo hayajarudi, kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013. Hapo tunajifunza kwamba mshahara wa mfanyakazi ni nguzo ya kujitawala. Ikianguka nguzo hiyo, nyumba haikai.

Twende katika swali la pili, lililo chungu zaidi. Mfanyakazi asiyelipwa aweza kugoma? Kwa sheria, jibu ni wazi: kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na haki ya kugoma, na sheria ya mwaka 2007 inamtaka atoe kwanza ilani ya maandishi ya siku 7. Lakini sheria haimalizi swali la dhamiri. Mnamo Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma walianza mgomo uliodumu siku 100, hadi Machi 2017. Walikuwa wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013, wakati ule ule ambapo huduma za afya zilikuwa zikihamia kaunti. Nazo serikali mbili zikabishana ni ipi iliyofungwa na mkataba huo. Viongozi 7 wa chama chao walitiwa gerezani kwa kukaidi amri ya mahakama, kisha wakaachiliwa baada ya siku chache. Mwaka huo huo wauguzi nao waligoma, kuanzia Juni hadi Novemba. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Na nyasi hapa zilikuwa wagonjwa wasio na fedha za kwenda hospitali za watu binafsi.

Wako wasemao kwamba aliyechagua kazi ya kuponya watu amejifunga asigome kamwe. Nawasikia, lakini neno lao likifuatwa hadi mwisho wake lina hila. Maana yake ni kwamba kadiri kazi ya mtu ilivyo muhimu, ndivyo tunavyoruhusiwa kutomlipa. Tutamdhulumu muuguzi kwa sababu tunajua ana huruma. Huruma ya mtu si dhamana ya kukopea. Wako tena wasemao kwamba jembe ni la mkulima, naye ana hiari ya kulitundika wakati wowote. Hao nao wanasahau kwamba mtoto mwenye homa kali hakutia sahihi mkataba wowote, wala hakuuvunja. Kumwacha afe ili gavana aone haya ni kumtoza asiyekuwa mdeni.

Mimi naona njia ya haki ni nyembamba, lakini ipo. Mfanyakazi anayo haki ya kumnyima mdeni wake starehe, wala hana haki ya kumnyima asiye na deni uhai. Ofisi za leseni zaweza kufungwa, taka zaweza kulala barabarani zikatunukia sote, mikutano na sherehe zaweza kukosa watumishi. Lakini mlango wa dharura na chumba cha kuzalia vibaki na mtu. Mgomo wa namna hiyo humkera mdeni bila kumwua mpita njia.

Lakini nani hasa ni mpita njia? Hapa ndipo ninapotaka uketi vizuri. Tunapoona taka zimerundikana, husema, "Kaunti na wafanyakazi wake wamegombana, sisi tunateseka bure." Tunajihesabu kuwa nyasi, na pengine sisi ni mmojawapo wa fahali. Kaunti si mtu wa kabila jingine aliyekuja kutukalia. Gavana tulimchagua sisi. Wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti tuliwapeleka sisi. Vumbi lililofagiwa ni la kwetu. Lugha yetu ina hekima katika neno moja: malipo kwa mwenye nyumba huitwa kodi, na malipo kwa serikali pia huitwa kodi. Alipaye kodi ya chumba Rhonda anajua amenunua haki ya kuuliza kwa nini paa linavuja. Kwa nini asiulize vivyo hivyo kwa kodi ile nyingine? Nasema basi kwamba mdeni wa mfagiaji ni sisi sote, kila mtu kwa kadiri ya uwezo na mamlaka yake: gavana kwa sehemu kubwa, mwakilishi wa wadi kwa sehemu yake, na raia kwa sehemu yake.

Utanijibu, "Mama yangu anauza mboga sokoni na hulipa ada kila siku, amebakiwa na deni gani?" Kwa fedha, pengine hana. Lakini deni la raia halilipwi kwa fedha tu. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi sehemu 35 katika kila sehemu 100 za mapato. Na kaunti nyingi zimevuka mpaka huo. Zimeuvukaje? Kwa sehemu fulani, ni kwa sababu sisi huenda kwa mkubwa usiku tukiwa na kuku mkononi, tukimwomba amwingize mpwa wetu kazini ingawa nafasi haipo. Mpwa akiingia, mkate haukui, ila wakataji huongezeka. Na yule mfagiaji asiye na mjomba ndiye hukatiwa kipande chembamba. Kisha mkutano wa hadhara wa bajeti ukiitishwa, nao ni haki yetu kwa Katiba, tunaketi nyumbani. Mwakilishi tunampima kwa mchango aliotoa mazishini, wala hatumwulizi kama watumishi wamelipwa. Hayo yote ni madeni.

Na mfanyakazi naye asijione mtakatifu. Anayepokea mshahara kamili na kuonekana kazini saa mbili, koti lake likiwa limetundikwa kitini kumshuhudia, amekopa kwa umma bila idhini, kama vile umma ulivyokopa kwa mfagiaji. Dhuluma ni ile ile. Imegeuza uso tu.

Wewe uliye darasani leo utakuwa mmoja wa watu hawa: karani mwenye kuandika hati za malipo, muuguzi mwenye kungoja malipo, mwakilishi mwenye kupitisha bajeti, au mwenye duka aliyeshika daftari. Usingoje cheo ndipo ujifunze kulipa. Uliza nyumbani kwenu jioni hii: yule kijana aliyetupalilia shamba, yule dada anayetufulia nguo, yule mzee anayetuletea maji, amelipwa? Ikiwa bado, na fedha ipo, basi umekwisha kumjua mdeni mmoja, nawe unajua anakolala.